Mamluki Haulizwi Jina

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo tulipotumwa mchanga, mimi na mdogo wangu Jovita. Mvua ilikuwa imechimba uwanja wa mpira wa wavu wa chuo chetu, na kesho yake tulikuwa tunacheza na wasichana wa chuo kimoja cha Kasulu. Mshindi angepanda treni kwenda Tabora kwenye mashindano ya kanda. Regina, kapteni wetu, hakujua kuomba, alijua kuagiza tu. Nami sipendi kuagizwa, kwa hiyo nilisukuma toroli la kubebea mchanga huku nikinung'unika mpaka ziwani.

Jovita alikuwa ananicheka njia nzima. Mama alinikabidhi huyu mtoto pale nyumbani Kidahwe, akasema nisije nikarudi bila yeye. Basi hata akinicheka, nilikuwa namtazama anapokanyaga.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi. Mitumbwi ilikuwa inaingia kutoka ng'ambo imejaa watu, na mingine haikuingia. Kwa kawaida ufukwe ule ulijaa masufuria, magodoro na watoto wanaolia. Jioni ile hapakuwa na mtu.

Nikachota mchanga. Nikachota tena...

"Mmepungukiwa mmoja."

Niligeuka. Msichana alikuwa amesimama majini, maji yamemfika vifundoni. Alivaa bukta na fulana ya michezo ambayo namba yake imefutika. Nywele zilikuwa zinachuruzika. Sikuwa nimesikia maji yakitikisika hata kidogo. Nilichopata ni harufu tu, harufu ya dagaa waliolowa bila kupata jua.

Ni kweli tulikuwa tumepungukiwa. Melania alikuwa hospitali, malaria imempanda kichwani. Lakini yule alijuaje?

Jovita, mdomo wake hauna breki, akamuuliza anacheza nafasi gani.

"Yoyote," akajibu kwa sauti ya chini. "Bora nizunguke."

Tulipanda naye mpaka uwanjani, na Regina alipomwona akiruka wavuni alisahau hata kunishukuru kwa mchanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Nilipotaka kumuuliza yule dada anaitwa nani, Regina akanivuta pembeni. Michezo ya vyuo ina desturi yake: mchezaji wa kuazima, yaani mamluki, haulizwi jina wala kwao. Anapewa jina la mgonjwa na kuitwa hivyo hivyo, ili refa akikubana usiwe na la kusema. Basi akawa Melania. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwenye wavu watu huzunguka. Kila mkirudishiwa mpira wa kuanzisha, kila mtu anasogea na kukalia nafasi ya aliyemtangulia. Jovita alipangwa nyuma ya yule mgeni. Alipotoka yeye, Jovita aliingia.

Kwenye mazoezi ya jioni ile, tulipozunguka mara ya kwanza, Jovita alikohoa.

Mara ya pili akainama, mkono kifuani. Nikatazama alipokanyaga. Mchanga ulikuwa umelowa, na ndani ya unyayo wa yule mgeni maji yalikuwa yanajaa taratibu... Uwanja wetu uko juu mlimani. Maji ya ziwa yanafikaje huko?

Usiku Jovita alilala kwa shida. Asubuhi nikampeleka jikoni apate uji wa moto. Aliyekuwa anapika ni Mama Veneranda, mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa maneno machache. Jovita alikohoa, maji yakamtoka puani. Mama Veneranda akaacha mwiko sufuriani. Aliniuliza huyu mtoto amekanyaga nyuma ya nani, nami nikamweleza kila kitu. Akasema kwamba mtumbwi uliokuwa mbele ya ule wao ulibeba wasichana wa timu, na fulana zao zilikuwa zimeanikwa ubavuni zikauke. Ulizama wakiutazama.

"Mwana wanje," akanong'ona, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "huyo anatafuta wa kumpokea zamu. Akishapokewa, yeye anatoka majini. Aliyempokea anaingia."

Nilimwendea Regina, nikamsihi ampumzishe Jovita. Akanijibu kwamba akitoka Jovita tunabaki watano, na watano hawachezi. Halafu akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mganga. Nilitamani kumzaba kofi. Nikaomba basi nibadilishane nafasi na Jovita, lakini karatasi ya mpangilio wa wachezaji ilikuwa imeshafika mezani kwa refa. Na Jovita mwenyewe akagoma kukaa nje. Tabora ilikuwa imemjaa kichwani.

Jioni tukacheza. Tulishinda seti mbili, na Kasulu wakashinda mbili. Yule mgeni alipiga mipira ambayo sijaona ikipigwa tena, na watu wakaimba jina la Melania. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu. Kila tulipozunguka, midomo yake ilizidi kuwa ya bluu.

Seti ya mwisho, Kasulu walibakiza pointi moja. Mgeni alikuwa ametoka kuanzisha. Tukarudishiwa mpira wa kuanzisha, ikawa zamu ya Jovita kusimama pale nyuma, pale alipokuwa amesimama yeye.

Mchanga ulikuwa unachemka maji.

Jovita alikuwa anatembea kuelekea pale kama mtu mwenye usingizi. Na yule mgeni, kwa mara ya kwanza tangu nimwone, alitabasamu.

Sikufikiri. Nilikimbia, nikamnyang'anya Jovita mpira, nikamsukuma akaanguka mbali, na nikaanzisha mimi. Haikuwa zamu yangu. Baridi ilinipanda kutoka nyayoni mpaka magotini...

Filimbi ikalia. Kosa la mzunguko. Pointi kwa Kasulu, na mchezo umekwisha.

Regina alinitukana mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimemkumbatia Jovita. Alitapika maji meupe yenye magamba ya dagaa, halafu akavuta pumzi ndefu, safi. Nililia kwa furaha mbele ya watu wote, wala sikuona haya.

Tulipoinuka, mgeni hakuwepo. Nikajua amerudi alikotoka.

Kesho yake jioni chuo kizima kilikwenda stesheni kuwaaga washindi. Treni ilipopiga honi, kapteni wa Kasulu alitoa kichwa dirishani akamtania Regina: mamluki wenu mkali, mbona mmemwachia? Mwenyewe ameomba twende naye.

Nikatazama nyuma ya bega lake. Yule mgeni alikuwa amekaa katikati ya benchi. Msichana aliyebanana naye alikuwa anakohoa.

Nikafungua mdomo nipige kelele. Jovita akanifunika kwa kiganja, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Dada, usimwite," alininong'oneza. "Ukimwita, atashuka."

Mabehewa yakaanza kusogea. Nilikuwa na muda wa kuutoa ule mkono. Sikuutoa.