Nyumba Tupu za Prasojo

Hii nilisimuliwa na Painem, yule muuza jamu aliyekuwa anapita hapa Malang kila asubuhi na chupa zake za dawa ya mizizi mgongoni. Painem alikuwa na mdomo, lakini mwongo hakuwa. Sogeeni. Na wewe acha kumfinya mwenzako.

Palikuwa na mwanamume anaitwa Prasojo. Mke wake Kinasih, binti yao Menur, mtoto wa kubebwa bado, ndio kwanza anajifunza kuunga maneno. Prasojo alikuwa mtu wa kompyuta. Msinicheke, najua simu yenyewe naishika kichwa chini. Lakini kuna wanaume wazima, na ndevu zao, wanaokaa chumbani na kaptula wakijifanya marubani. Ndege iko kwenye kioo, usukani wa plastiki, na wakitua salama wanapongezana kama wametoka hija. Sasa marubani hao wa kitini wanapenda viwanja vidogo vya ndege vya huko vijijini, vile vya majani, ukikosea kidogo umeingia korongoni. Mchezo ukinunuliwa, viwanja hivyo havimo. Prasojo ndiye alikuwa anavitengeneza na kuwauzia.

Akatengeneza kimoja cha milima ya Papua. Papua yenyewe hajawahi kukanyaga. Huyu ni mtu aliyekuwa akitapika kwenye basi la Surabaya! Akaweka majani, akaweka mawe, akaweka mteremko, akajenga nyumba huku na huku. Watu hakuweka.

"Baba Menur, kijiji gani hiki hakina hata mtoto?" Kinasih alimwuliza.

"Watu wanaifanya mashine iwe nzito. Na nani anataka kuwaona? Wateja wangu wanataka kutua."

"Basi angalau uwe unapiga hodi. Nyumba tupu hizo."

"Hodi? Kwa kompyuta?" Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe nenda kapike."

Kichwa kikubwa kama fenesi, ndani maji matupu. Huku kwetu hata mtoto anajua, nyumba iliyokaa tupu huingii bila salamu, maana huenda imeshapata wenyewe.

Ikaanza na moshi. Wateja wakamwandikia: moshi ule wa jikoni, nyumba ya mwisho, mzuri sana, umeufanyaje? Prasojo akatazama. Kweli, moshi unatoka, na yeye hakuuweka. Mwenye akili angezima akaenda kumwona sheikh. Yeye akajibu, "Asanteni. Huo ni ufundi wangu."

Mara nguo zimeanikwa. "Ufundi wangu." Mara mlango uko wazi na ndani kuna taa. "Ufundi wangu." Na chumbani kukaanza kunukia muhogo wa kuchoma, na Kinasih hajanunua muhogo. Nyie mnaijua harufu hiyo. Ukiisikia na moto haupo, usiulize nani anachoma.

Mchana mmoja Prasojo akatoka chumbani akaosha vyombo.

Kinasih alibaki na mwiko mkononi. Tangu harusi mtu yule hakuwahi kuosha hata kijiko! Akafagia, akamwagilia maua, akambeba Menur akamwimbia. "Pumzika, Mama Menur," akasema, sauti ile ile, ila polepole, kama mtu anayeonja kila neno. Kinasih akamtazama vizuri usoni. Kile kijifereji cha chini ya pua, ninacho mimi, unacho wewe, yeye hakuwa nacho. Pale palikuwa laini kama yai.

Akanyata mpaka chumbani. Kioo kinawaka, kiwanja kiko, na katikati ya majani amesimama mwanamume na msuli wa miraba, anapunga mikono yote miwili. Alikuwa mume wake. Ndege za wateja zinashuka, anakimbia, zinamgonga, anaanguka, anainuka, anapunga tena. Na chini mteja mmoja ameandika: "Hatimaye umeweka mtu! Anachekesha. Namkanyaga tangu asubuhi."

Menur bado yuko mikononi mwa yule, Kinasih akakimbilia nyumba ya pili, kwa Mbah Kasinem, bibi anayekanda watoto wachanga, akamnong'oneza yote.

"Mume wako alisema kazi ya jini ni yake," Mbah akasema. "Na jini amesema nyumba ya mume wako ni yake. Wamelipana. Ila nyumba zile zinataka mtoto, na giza likiingia jini atamchukua Menur aende naye."

"Nifanyeje, Mbah?"

"Mwaga chumvi mlangoni, umwite mumeo kwa jina lake. Yule atakusemesha. Usimjibu." Akamtazama. "Lakini una hakika unamtaka?"

"Mbah!"

"Nauliza tu, mwanangu."

Kinasih akarudi mbio na chumvi kwenye pindo la nguo, na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na kila hatua harufu ya muhogo ilizidi, na alipousukuma mlango akakiona kile kitu kimekaa sakafuni, Menur mapajani, kinamchana nywele, na mikono iliyokuwa inachana ilikuwa imeshaota manyoya meusi, marefu, yanayosogea wakati upepo hakuna, na mtoto anacheka, na ukutani kivuli cha kitu hicho kimepinda mpaka darini na bado hakijaisha.

"Unataka kumwita nani, Mama Menur?" kikauliza taratibu. "Yule aliyekuwa anakutuma kupika? Mimi nimekuoshea vyombo."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomtia baridi. Akabana meno. Akamwaga chumvi, akampokonya mtoto, akapaza sauti: "Prasojo! Rudi kwako!"

Taa ikazima. Kitu kikubwa kama nyati kikapita kando ya sikio lake, na kikanong'ona kwa adabu, "Naomba njia."

Taa iliporudi, Prasojo alikuwa chini ya kiti chake, majani mdomoni, alama za magurudumu mgongoni. Mnadhani alimwulizia mtoto?

"Nani amegusa mashine yangu?"

Akajikokota akakaa, akasoma. "Wanalalamika. Mtu ametoweka, wanamtaka arudi." Akageuka akamtazama Menur. "Mlete huyo. Asimame ukutani nimpige picha, nimweke pale kiwanjani. Mtoto watampenda zaidi."

Kinasih akamfunga Menur kwa shuka ubavuni, akashika viatu mkononi, akatoka.

"Kinasih! Na chakula je?" Prasojo alipiga kelele.

Walipofika kwenye kona, Menur akachomoa mkono akawa anapunga nyuma.

"Unampungia nani, mama?"

"Baba."

"Baba yuko ndani na mashine yake."

Menur akatikisa kichwa. "Siyo huyo," akanong'ona. "Yule mzuri. Ameshika kitana."

Kinasih hakugeuka. Akaongeza mwendo, na hakugeuka.

Haya, vuteni shuka, funikeni miguu. Mlango nimeufunga mwenyewe. Laleni.