Kadi Mia Moja na Themanini za Imas

Katika nyumba yetu hakuna anayeijua kompyuta kunishinda mimi. Najua kuifuta vumbi, na najua kuizima kwa kuchomoa waya. Hilo la pili nimeshakatazwa.

Anayeijua kweli ni mjukuu wangu Imas, mwenye miaka ishirini na minne. Yeye huandika programu, na alitaka kazi katika kampuni kubwa ya teknolojia hapa Bandung. Kwenye usaili wao unapewa fumbo, unaandika programu ya kulitatua, na huku unaeleza kwa sauti unavyofikiri. Imas alikuwa ameshashindwa mara moja. Akishindwa tena, hataruhusiwa kujaribu mpaka mwaka upite.

Basi kila alasiri mdogo wake Nenden, wa darasa la sita, alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akala wali na tempe ya soya, kisha akashika kadi. Zilikuwa kadi mia moja na themanini, kila moja swali mbele, jibu nyuma. Nenden anasoma, Imas anajibu. Huo ulikuwa mwezi wa tano wa mazoezi hayo. Imas macho mekundu, sauti imemkauka, chai yake inapoa mezani mpaka naimaliza mimi.

"Swali la tisini na nne," Nenden alisoma huku akipiga miayo.

Imas akalijibu lote kwa pumzi moja.

"Dada, unajibu kama kasuku! Watajua umekariri. Jifanye unafikiri. Jikune kichwa, tazama juu, sema, 'Hebu ngoja kidogo.'"

"Na wakiniuliza kama nimeshaliona?"

"Sema hapana. Watajuaje?"

Imas alikuwa amechoka mno hata asiweze kubishana. Tangu siku hiyo wakawa wanafanya mazoezi ya kujikuna pia.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki siku nane, jirani yetu Bi Yoyoh alikuja kumjaribu. Kabla ya kustaafu, mama huyu aliwasaili vijana miaka mingi katika kampuni nyingine. Mimi nilikaa pembeni nikitafuta wenzi wa soksi zilizofuliwa.

"Una orodha ya namba," Bi Yoyoh alianza. "Nitafutie mbili ambazo zikijumlishwa zinafika kumi. Umewahi kuliona swali hili?"

"Hapana, mama. Ndiyo mara ya kwanza."

Imas akajikuna, akatazama juu, akangoja kidogo. Nenden alitabasamu kama mwalimu. "Kwa kuwa namba zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa," Imas alisema, "nitaanza na ile ya mwanzo na ile ya mwisho..."

"Nani kakwambia zimepangwa?"

Imas akazitupia jicho kadi zake.

"Mimi sijasema. Kadi yako ndiyo imesema. Zangu zimechanganyika, mwanangu, na hilo jibu lako halifai."

Machozi yakamtoka. "Nimechoka, mama. Nimekariri miezi mitano."

"Ndiyo maana umechoka. Weka kadi chini. Sasa fikiri kweli, na ukikosea, kosea kwa sauti nisikie."

Ilichukua saa nzima. Imas alikosea mara mbili, akafuta, akauliza maswali ya kitoto, akalaza kichwa mezani. Kisha akabaki ananitazama mimi na soksi zangu. "Bibi hapekui rundo zima kila mara," alisema polepole. "Akishika moja, anaangalia zile alizoziweka pembeni kama mwenzake yupo. Basi na mimi kila namba ninayoipita nitaiandika pembeni. Nikikuta saba, nitaangalia kama tatu nimeshaiandika."

"Haya! Hilo hukulisoma mahali."

Wiki hiyo kadi zilikaa kabatini. Kwenye usaili wenyewe Imas alisema wazi kwamba swali la kwanza alishaliona. Wakampa jingine, akahangaika nalo mpaka jasho likamtoka, akalipata, akaajiriwa. Siku barua ya kazi ilipofika alilala tangu mchana mpaka kesho yake.

Lakini nirudi Jumapili ile, maana Bi Yoyoh alikuwa hajamaliza. Alikunywa chai yake, akasema, "Sikilizeni, wanangu. Asiyejua tunaweza kumfundisha. Anayejifanya, hatujui hata tuanzie wapi kumsaidia. Ukiwa umeliona swali, sema umeliona. Ukiwa hujui, sema hujui, halafu fanya kazi." Kisha akamgeukia mdogo. "Na wewe Nenden, nani alimfundisha dada yako kujikuna vile?"

"Sijui, mama," Nenden alijibu upesi. "Alasiri ile mimi sikuwepo hata."

Bi Yoyoh akaweka kikombe chini taratibu.

"Nimekuuliza nani, mwanangu. Alasiri gani?"