Homa ya Uongo

Fundi cherehani alipepesuka kwenye foleni ya maabara ya hospitali, na aliyemdaka alikuwa nesi mwenye gauni jeupe. Malaria ilikuwa imemrudia kwa mara ya tatu, na dawa zote alizopewa zilikuwa zimegonga mwamba.

"Sista, pindo lako limefumuka," alisema kwa sauti ya kukatika.

"Wewe hata kusimama huwezi, unaangalia pindo?"

"Kazi ni kazi."

Nesi alicheka, na Fundi akawa amekwisha. Siku hiyohiyo akakubali kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya malaria iliyozoea dawa za zamani. Alimeza vidonge, akachomwa vidole, na kila jioni nesi alimpigia simu kumuuliza joto likoje, amekula, amelala? Homa ilishuka upesi. Hapo Fundi akaingiwa na hofu kubwa kuliko ya malaria: akipona kabisa, simu zitakoma.

Basi akaanza kuumwa kwa makusudi.

"Kichwa, Sista. Na baridi ya mifupa."

"Tena?" Sauti yake ilibadilika. "Kesho uje mapema."

Alikwenda na shati la bluu alilojishonea mwenyewe, kola imesimama. Nesi hakuliona, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtoa damu, akaipeleka maabara, akarudi polepole.

"Damu yako safi, haina mdudu hata mmoja. Sasa unaumwa nini?"

Fundi alisema ukweli wote, pamoja na ule wa kumpenda.

"Njia ya mwongo ni fupi," nesi alisema. "Mtoto wa dada yangu alikufa kwa malaria hii hii. Nimekesha nikidhani na dawa hii imeshindwa, kumbe wewe unacheza. Nenda kamwambie daktari."

Alikwenda. Daktari alimkaripia kama mtoto, kisha akasahihisha taarifa. Tangu jioni hiyo akawa anapigiwa na nesi mwingine, mwanamume mwenye sauti nzito, na Fundi alimjibu kweli: mzima. Kila alipolitamka neno hilo moyo ulimuuma, lakini hakudanganya tena.

Mchana mmoja, mguu ukiwa kwenye cherehani, simu ikaita: namba ya Sista.

"Mimi mzima, Sista. Kweli kabisa."

"Najua. Majaribio yamekwisha, na wengi wamepona kama wewe. Wakati ule sikuruhusiwa kukujibu, Fundi. Wewe ulikuwa mgonjwa wangu."

"Na leo?"

"Leo nina shida ya pindo. Geuka."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni kwa gauni la manjano, lile jeupe likiwa mkononi. Fundi alilipokea, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye uzi.

"Hili halikufumuka. Limekatwa kwa wembe."

Nesi aliinamisha uso.

"Njia ya mwongo ni fupi," Fundi alisema, akamvutia kiti.

"Basi shona polepole," nesi alijibu, akaketi.