Senti ya Alden

Kiti cha marehemu kilikuwa kimevutwa nyuma tena. Verna akakirudisha mezani, akajiambia ni paka, ingawa nyumba ile haikuwa na paka.

Miaka yote waliyoishi pale Vermont, Marekani, mumewe Alden akimaliza kula aliketi hapo, akaipitishia brashi laini ya manyoya senti yake kubwa ya shaba, ya enzi za mababu. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Verna alizoea kumtania, "Mke mdogo huyo, na wala hana sura."

Alden alipofariki, Verna akaiosha kwa siki na chumvi hadi ikang'aa, akaiweka kando ya picha yake. Alifanya hivyo kwa mapenzi tu, masikini.

Lyle, mwenzake Alden katika chama cha wakusanya sarafu, alikuja kuhani. Alipoiona akashika kichwa.

"Shemeji! Umeiosha?"

"Ilikuwa chafu, Lyle."

"Chafu nini! Ile kahawia ndiyo ngozi yake. Umeichuna!"

Hapo harufu ya shaba ikajaa chumbani, nzito kama damu mdomoni, kiti kikasogea chenyewe, na juu ya meza tupu ukaanza mchakacho wa brashi, taratibu, huku na huku, na katikati yake pumzi ya mtu anayeugulia maumivu asiyetaka mkewe asikie.

"Unasikia?" Lyle alinong'ona.

"Kila jioni. Unadhani kwa nini sikualiki chakula?"

"Anairudishia ngozi yake. Usiiguse tena, shemeji. Ikikolea, atapumzika."

Verna hakuigusa. Majira ya baridi yakapita, senti ikaanza kufifia mng'ao, kisha ikaingia wekundu, kisha kahawia. Kadiri ilivyokolea, brashi ilizidi kusikika kwa mbali na mguno ukapungua. Mwingine angemshukuru Mungu. Yeye alikuwa akila upesi ili awahi kusikiliza, na moyo ulimuuma kila sauti ilipopungua.

Jioni moja kiti hakikusogea kabisa. Verna alingoja hadi viazi vikapoa. Nyumba ilikuwa kimya, na alijua kimya hicho ndicho kitakachobaki.

Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la siki na chumvi.

"Nisamehe, mume wangu," alisema, akaitumbukiza senti.

Nyuma yake Alden akalia kwa uchungu, sauti yake kabisa. Kisha kiti kikavutwa. Verna akafuta machozi, akampakulia viazi.