Kiwanda cha Scola

"Kwa hiyo hiki ndicho kiwanda?" Nyanjige alifoka, mikono kiunoni, katikati ya jiko la Scola. "Nijibu! Mashine iko wapi?"

Luhende, mwanawe, aliendelea kukanda. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye beseni la unga hadi viwikoni.

"Mama, shikamoo kwanza," Scola akajaribu.

"Marahaba. Na wewe tulia, naongea na fundi mkuu."

Scola akapanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Skonzi za ndani zilikuwa zimeanza kunukia; hazikujali ugomvi wa mtu.

"Kwetu Dutwa nzima wanajua mwanangu ni fundi mashine kiwandani Bariadi! Kanisani nimesema. Kisimani nimesema. Kumbe mwanamume mzima anakanda ngano kama mwali!"

"Mayu, mama yangu, baba alikanda udongo wa nyumba yetu. Mbona hukumcheka?"

"Udongo hauliwi!"

Scola alitaka kucheka, lakini neno moja lilimzuia. Kiwandani. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie na kinu cha ushirika cha kuchambua pamba kisimame, Luhende aliyekuwa fundi wake alikuwa hana kazi, akawa anakuja kila alfajiri kumkandia unga. Mara ya kwanza alimimina maji ya moto kwenye hamira, mikate ikatoka kama matofali, wakacheka hadi machozi. Hapo ndipo Scola alipompenda. Kumbe kwao hata mkate haujawahi kutajwa.

"Luhende," alisema taratibu. "Mimi umesema nafanya kazi gani?"

"Scola, ngoja nikueleze..."

"Nimeuliza swali."

"Nilisema... uko ofisini. Hukohuko kiwandani."

"Karani!" Nyanjige akadakia. "Alisema anaoa karani! Ndiyo maana baba yake akakubali kutoa ng'ombe. Sasa hawatoki!"

"Basi wabaki zizini," Scola akasema. "Mimi siolewi na mtu anayekula mkate wangu alfajiri na kunikana mchana."

Luhende akatoa mikono kwenye unga kana kwamba umemchoma.

"Niliogopa kuchekwa."

"Mimi hawanicheki, nikizunguka na beseni kichwani? Wanacheka, na mimi nacheka, halafu nawauzia."

Scola akaepua sufuria, akamimina skonzi kwenye tenga pamoja na zile zilizoiva tangu alfajiri.

"Leo ni mnada Dutwa. Kama huoni aibu, beba hili tenga ukauze. Mchana, mbele ya watu wa kwenu. Kama unaona aibu, nawa mikono, mfuate mama yako, na usirudi."

"Hathubutu!" Nyanjige akasema.

Luhende alitazama ndoo ya maji. Scola naye aliitazama.

Luhende hakunawa. Alichukua kitambaa, akafunika tenga, akatoka kuvuta baiskeli, unga ungali mikononi.

"Mayu, panda. Basi limeshaondoka."

"Nipande wapi? Na tenga je?"

"Utalipakata."

"Mimi? Nipakate skonzi? Nipite nazo njiani?"

"Au utembee."

Nyanjige alisonya, akapanda keria akimlaani mjomba aliyemfundisha huyu mtoto kuendesha baiskeli. Tenga likakaa mapajani, mvuke ukimpanda usoni. Scola akasimama mlangoni. Akaona mkono wa mama mkwe ukiingia chini ya kitambaa. Ukatoka. Ukaingia tena.

Baiskeli haijafika barabarani, Felisita, jirani wa Scola, akatokeza kwenye uzio.

"Luhende! Unanipita? Niachie za chai!" Akamwangalia abiria, akamsalimu kwa Kisukuma. "Huyu ndiye mama? Mwangaluka, mayu! Wewe umezaa! Wangu hata maji ya kunywa anasubiri apelekewe."

Nyanjige akameza haraka.

"Ni wangu," akasema, akanyoosha shingo. "Wa kwanza."

Luhende akakohoa, akaanza kuita kwa sauti nyembamba: "Skonzi... skonzi jamani..."

Kofi likamtua mgongoni.

"Nani amefariki? Watu wananunuaje na sauti ya msiba?" Nyanjige akavuta pumzi, mdomo bado una mkate. "Skonziii! Skonzi za mkwe wangu! Za moto, zimetoka kiwandani sasa hivi!"

Luhende akacheka hadi baiskeli ikayumba. Scola akafuta macho kwa kiganja, akajipaka unga shavu zima.

"Mama!" akapaza sauti. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana miguu, watakuja!" Nyanjige akajibu bila kugeuka. "Wewe rudi ndani ukande unga mwingine, hizi hazitatosha!"