Glovu ya Mwisho ya Linda

"Wewe ndiye wa mwisho kuishika, Mama Leelo. Watu walikuona."

"Na hao walioniona, walikuambia pia kwamba niliirudisha rafuni? Au kipande hicho walikimeza?"

"Sijasema umeiba. Nauliza tu, ilitoka dukani kwa miguu yake?"

Salme na jirani yake Vaike walikuwa wamesimama kila mtu upande wake wa ukuta wa mawe, mvua ya Novemba ikiwalowesha, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuingia ndani. Leelo, binti wa Vaike mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa dirishani na begi lake la shule mgongoni. Alisikia kila neno. Akashika njia ya shule.

Katika duka la nyuzi la Hilja, hapa kisiwani Muhu, kuna rafu moja isiyouza kitu. Mteja akimaliza kufuma, huiweka kazi yake pale ili wenzake waishike, waigeuze ndani nje, waige ua wanalolipenda. Kuiga ni halali, tena ni sifa kwa mwenye kazi. Kuondoka nayo ni mwiko. Hapo ndipo Salme alipoziweka glovu za rangi ya machungwa za dada yake Linda, tuliyemzika Oktoba. Zilikuwa za mwisho kutoka mikononi mwake. Sasa ilibaki moja.

Ya pili ilikuwa imefichwa chini ya kuni, bandani kwa kina Leelo.

Glovu alizofuma Leelo mwenyewe zilikuwa zimetoka butu kama pua ya nguruwe, na darasani walimcheka. Alitaka kujua Linda aliifungaje ile ncha iliyochongoka ya mfuko wa vidole vinne. Akaichukua glovu moja dukani kimyakimya, akakata uzi mmoja tu apate kuona. Uzi haukumngoja. Ulifumuka mpaka kwenye kidole gumba.

Maneno yakaenea kisiwani. Waliokuwa wakikaa benchi moja dukani wakaanza kubagua viti. Vaike akaacha kwenda. Jioni alikaa jikoni, sindano mapajani, hafumi.

"Mama, huendi kwa Hilja?"

"Niende nikapekuliwe kwa macho?"

Leelo alitoka, akaitoa glovu chini ya kuni, akaenda kugonga kwa Salme.

"Bibi Salme, mama hakuchukua. Ni mimi."

Salme aliipokea. Uzi ulining'inia, umejikunja mawimbi mawimbi. Akakaa kizingitini, akaunyoosha kwa vidole.

"Naweza kuifuma tena," Leelo alisema, machozi yakimtoka.

"Utaifuma. Nitakaa nawe mpaka uimalize. Lakini itakuwa kazi ya mkono wako, si wa Linda. Mkono wake haurudi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kwa nini hukuniuliza? Ile ncha ningekuonyesha kabla chai haijapoa."

"Niliona haya."

"Sikiliza, mtoto. Kuharibu ni ajali, hakuna mfumaji asiyeharibu. Kunyamaza si ajali. Nilikuona dirishani, ukanisikia nikimtuhumu mama yako, ukaenda shule. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijavalishwa mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Salme akajitanda kitambaa, wakaenda wote hadi ukutani. Akaita. Vaike akatoka, akamwona binti yake, akaiona glovu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mama Leelo, nilikukosea."

"Ulinikosea mbele za watu."

"Na mbele za watu nitasema. Alhamisi, dukani, tunapokutana kufuma, kila mtu akiwepo."

Vaike alimtazama Leelo mpaka mtoto akainamisha kichwa. Mvua ilizidi. Kwa glovu ya Linda hakukuwa na la kufanya tena.

"Viazi vimeiva," Salme alisema, "na samaki wa chumvi wako motoni. Pitia langoni, mwenzangu, kwa umri wetu huu ukuta hatuuruki. Njooni tule."