Aliyesahihisha Mitihani ya Nyangi

Jumatatu asubuhi Dk. Nyangi alifungua ofisi yake chuoni Butiama akakuta mitihani yote imesahihishwa. Karatasi mia tatu na kumi, wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe. Ijumaa aliziacha hazijaguswa. Chumba kilinuka matope mabichi, na mvua ilikuwa na wiki nyingi haijanyesha.

Matokeo yalitakiwa siku hiyo, vipindi vilimngoja, makala yake ya utafiti ilishachelewa. Akaingiza alama kwenye mfumo.

"Asante," alinong'ona. Nyuma ya kabati kitu kikashusha pumzi.

Wiki iliyofuata alikwenda Kisorya kuwahoji wauza dagaa. Aliporudi, mwalimu mwenzake Werema alimsimamisha koridoni.

"Kipindi chako cha jana kilikuwa kizuri, Dokta. Ila mbona ulifundisha kwa saa mbili bila kupepesa macho?"

"Jana nilikuwa Kisorya."

Werema akashusha sauti. "Usiniambie hivyo. Nilikaa mstari wa mbele."

Bhoke, mama wa usafi, alimvuta pembeni. "Mimi namwonaga, Mama. Wewe ukitoka, yeye anaingia. Usimwachie kazi tena. Ukimwachia kitu, hakirudigi."

Nyangi akaenda darasani, akashika chaki, akafungua kinywa, na somo alilolifundisha miaka tisa halikuwemo kichwani, halikuwemo hata jina lake, wanafunzi wakamtazama kama mgeni aliyekosea mlango, naye akatoka mbio, akapanda basi la Bunda huku ile harufu ya matope ikimfuata mpaka kitini, akijiambia kwamba nyumbani hajamwachia mtu, nyumbani hajamwachia mtu, mpaka alipozikumbuka jioni zote alizokaa ofisini watoto wakila bila yeye.

Mumewe, Elias, alifungua mlango nusu.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Elias, ni mimi."

Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana. "Labda una shida na mke wangu. Ngoja nimwite."

Ndani watoto walikuwa wakicheka. Sauti ya Nyangi mwenyewe iliwaambia waoshe mikono, kisha ikaja mpaka karibu na mlango, laini, bila haraka.

"Kama ni yule wa chuoni, mwambie arudi. Bado kuna mitihani."

Elias akafunga mlango taratibu. Nyangi alitaka kugonga, lakini mkono haukuinuka. Miguu yake ilikwisha kugeuka, ikampeleka stendi.